Wanachama 412 wa SACCOS wana namba moja ya simu: 2147483647. Hii namba ina nini?

Mhasibu_Kijijini

Wakuu habari za jioni. Nimeshachekwa vya kutosha ofisini, kwa hiyo na nyie mkinicheka haidhuru, ila nijibuni kwanza.

Ni mhasibu wa SACCOS ndogo, wanachama 412. Kijana mmoja alitutengenezea mfumo wa kutunza majina, hisa na simu. Mwanzoni tulikuwa tunaingiza simu bila ile sifuri ya mbele, yaani 713 na zinazofuata, na mambo yalikwenda. Mwezi uliopita tukaambiwa meseji za kukumbusha marejesho haziendi mpaka namba zianze na 255. Nikakaa na Excel siku nzima, zote nikaziweka 255, Ijumaa nikazipandisha kwenye mfumo. Mfumo haukulalamika. Nikaenda nyumbani kwa amani.

Jumatatu nafungua orodha: mama muuza mkaa, 2147483647. Mwenyekiti, 2147483647. Marehemu ambaye hatujamtoa, naye 2147483647. Watu 412, namba moja. Nikaipiga, haipo.

Nauliza imetoka wapi. Na mwanangu wa kidato cha pili ameiona kwenye karatasi akaniambia "baba, hiyo ni namba tasa", akaondoka zake kwenda kucheza mpira. Ni kweli? Na yeye amejuaje?

Kokotoa

Pole mkuu. Sio virusi, na hakuna mtu aliyeingilia mfumo wenu. Kijana wenu alitenga nafasi ya kuhifadhi namba ya kawaida, wakati namba ya simu si ya kujumlisha wala kutoa. Ilitakiwa ihifadhiwe kama maandishi, kama jina la mtu.

Nafasi ile ina vyumba 32, kila chumba kinaingia 0 au 1. Kimoja kinashikilia alama ya hasi au chanya, vinabaki 31. Ukivijaza vyote kwa 1 unapata 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea hadi chumba cha 31, jumla yake ni 2^31 − 1, yaani 2,147,483,647. (Hiyo alama ^ isome "kipeo cha".) Juu ya hapo hakuna chumba kingine.

713 na tarakimu sita zinazofuata ni milioni mia saba na kitu, inaenea. Ukianza na 255 unakuwa na tarakimu 12, yaani bilioni 255 na zaidi. Hifadhidata nyingine zingekataa na kupiga kelele. Ya kwenu inaelekea haikuwekewa ukali huo, ikafanya kama muuza nafaka aliyepewa debe la mahindi amimine kwenye kisado: kikijaa pomoni, mengine yanamwagika chini. Ndiyo maana wote mna kisado kilekile.

Habari mbaya ni kwamba namba za zamani zimefutika. Una nakala?

Mhasibu_Kijijini

Nina fomu za karatasi kwenye kabati. Nakala ya kompyuta, usiniulize.

Jicho_la_Tatu

Mnaongea mambo ya vyumba na visado kama watoto. Wakuu fungueni macho. Jumlisheni tarakimu zake: 2+1+4+7+4+8+3+6+4+7 = 46. 4+6 = 10. 1+0 = 1. Kila njia inaishia kwa MMOJA. Namba hiyohiyo ipo kwenye simu zenu, kwenye benki, kwenye YouTube. Nani aliiweka?

Kokotoa

Iliwekwa na hesabu ya kuzidisha kwa mbili, mkuu. Kila namba ukiijumlisha hivyo inaishia kwenye tarakimu moja kati ya 1 na 9, kwa hiyo namba moja kati ya kila tisa itaishia kwa huyo mmoja wako. 19 nayo inaishia kwa 1. Namba 19 umeshaiogopa?

YouTube ni kweli. Desemba 2014 walitangaza kwamba video ya wimbo mmoja wa Korea Kusini imetazamwa kupita 2,147,483,647, wakahamia kwenye hesabu ya biti 64 (biti ndiyo kile chumba kimoja). Kikomo kipya ni 9,223,372,036,854,775,807. Hiyo ni 2^63 − 1, na wala si tasa. Inagawanyika hata kwa 7. Kwa hiyo kumjibu mtoto wako, mhasibu: hata kama ni tasa ni bahati tu, kompyuta haikuichagua kwa utasa wake. Ya biti 16, yaani 32,767, ni 7 × 31 × 151.

Ticha_Namba

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Uzi mzuri huu, naona mmefika kwenye shamba langu.

Mtoto yuko sahihi. 2,147,483,647 ni namba tasa: hakuna kinachoigawa bila baki isipokuwa 1 na yenyewe. Na si tasa ya kuokota njiani. Imo kwenye ukoo unaoitwa namba tasa za Mersenne, zile zinazopatikana kwa kutoa 1 kwenye kipeo cha 2. Ukoo unaanza 3, 7, 31, 127, 8,191, 131,071, 524,287, na ya nane ndiyo hii yetu.

Na Kokotoa, "bahati tu" nitairudia baadaye.

Dada_wa_Iringa

Samahani Ticha, swali la pembeni. Kwa nini hesabu za Kiswahili zinaita "tasa"? Neno lenyewe mtaani ni tusi.

Ticha_Namba

Swali zuri hilo. Tangu shule ya msingi tumefundishwa hivyo: shufwa, witiri, tasa. Wazo ni kwamba namba haina kigawo cha kuzaliana nacho. Mimi sioni kama limekaa vizuri, maana namba tasa ndizo zinazozaa nyingine zote kwa kuzidishana. 12 imezaliwa na 2, 2 na 3. Na hii ya mhasibu imezaa mtoto mkubwa kweli, nitamtaja.

Bahari_Kuu

Salamu kutoka Mombasa. Sisi hesabu tulisoma kwa Kiingereza, haya maneno yenu nayasoma taratibu. Lakini nimeelewa sheria: chukua 2, ipe kipeo ambacho ni tasa, toa 1, unapata tasa. 31 ni tasa kwa hivyo 2^31 − 1 ni tasa. Imekwisha, si ndiyo?

Ticha_Namba

Ungekuwa darasani ningekupa nusu alama. Kipeo kisipokuwa tasa, jibu haliwezi kuwa tasa, hilo sawa. Lakini kipeo kikiwa tasa haitoshi. Jaribu 11: 2^11 − 1 = 2,047, na hiyo ni 23 × 89.

Hata wakubwa waliteleza hapo. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne, mwaka 1644, alitoa orodha ya vipeo vinavyotoa tasa mpaka 257. Akaiweka 31, akapatia. Akaiweka 67, akakosea. Akaisahau 61. Ile ya 67 ilikuja kuvunjwa hadharani na Mmarekani Frank Nelson Cole mwaka 1903, alipoonyesha kwamba ni 193,707,721 × 761,838,257,287.

Kokotoa

Basi thibitisha hii yetu kwa kalamu, Ticha. Mimi kompyuta yangu inasema ni tasa kwa chini ya sekunde, lakini nataka kuona ya mkono.

Ticha_Namba

Haya, lete chai.

Njia ya kawaida ni kuigawa kwa kila tasa mpaka kwenye kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba hii ni 46,340 na kitu. Chini ya hapo kuna namba tasa takriban 4,800. Ni kugawa mara 4,800 kwa mkono, na ukikosea moja tu umeharibu.

Aliyefupisha kazi ni mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler, akiwa Saint Petersburg, macho yakiwa karibu yamekwisha. Mwaka 1772 alimwandikia mwanahisabati mwenzake Bernoulli kwamba 2^31 − 1 ni tasa. Hakugawa mara 4,800. Aliuliza kwanza: kama ina kigawo, kigawo hicho kitakuwa na sura gani?

Fuateni polepole. Chukua 7, kisha gawa vipeo vya 2 kwa 7 uandike baki tu. 2, 4, 1, 2, 4, 1. Baki zinazunguka kama mchezo wa rede, kila hatua ya 3 zinarudi 1. Sasa chukua tasa yoyote unayoishuku kuwa inagawa namba yetu, tuiite q. Kama inagawa 2^31 − 1, basi 2^31 ikigawanywa kwa q inabaki 1. Maana yake mzunguko wa baki unarudi 1 kwenye hatua ya 31. Urefu wa mzunguko lazima ugawe 31, na 31 ni tasa, kwa hiyo urefu ni 1 au 31. Hauwezi kuwa 1, maana 2 yenyewe ingebaki 1. Basi ni 31.

Tunajua pia tangu enzi za Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, kwamba kwa tasa yoyote q isiyo 2, hatua ya q − 1 daima inarudi 1. Basi 31 inagawa q − 1. Na q ni witiri, kwa hiyo q − 1 ni shufwa. Ukiunganisha: 62 inagawa q − 1. Angalieni mfano wa 2,047, kipeo kilikuwa 11, na vigawo vyake 23 na 89 ni 22 + 1 na 88 + 1. Vyote vimetii.

Kuna chujio la pili. 2^32 ikigawanywa kwa q inabaki 2, yaani kwenye dunia ya baki za q, 2 ni kipeo cha pili cha 2^16. Tasa zenye tabia hiyo zikigawanywa kwa 8 hubaki 1 au 7, basi. Unganisha machujio yote mawili na kinachopita ni namba za sura mbili tu: 248n + 1 na 248n + 63.

Bahari_Kuu

Ngoja. Kutoka 4,800 tumebaki na ngapi?

Ticha_Namba

Namba za sura hizo mpaka 46,340 ni 373. Ukitupa zisizo tasa, hazifiki mia.

Dada_wa_Iringa

Nimezijaribu za mwanzo kwenye daftari la mtoto, mtanirekebisha. 63 si tasa. 249 ni 3 × 83. 311 ni tasa, ya kwanza hiyo. 497 ni 7 × 71. 559 ilinisumbua, kumbe 13 × 43. 745 inaishia na 5. 807, 993, 1,055 zote zinavunjika. 1,241 nilidhani tasa, mume wangu akaniambia jaribu 17, ikatoka 17 × 73. Halafu 1,303 tasa, 1,489 tasa.

Nikagawa:
311 × 6,905,092 = 2,147,483,612, baki 35.
1,303 × 1,648,107 = 2,147,483,421, baki 226.
1,489 × 1,442,232 = 2,147,483,448, baki 199.

Zimekataa zote tatu. Huyo mzee aliendelea hivi mpaka 46,000?

Ticha_Namba

Kongole dada. Ndiyo, aliendelea mpaka mwisho, zote zikakataa.

Kabla yake tasa kubwa ya ukoo huu iliyojulikana ilikuwa 524,287, ya Cataldi wa Italia, 1588. Ya Euler ilikaa kileleni kwa miongo mingi. Peter Barlow wa Uingereza aliandika mwaka 1811, kuhusu namba kamilifu inayozaliwa na tasa hii (nitaieleza chini), kwamba pengine haitapatikana tena kubwa kuliko hiyo, maana namba za namna hii ni za kushangaza tu na hazina kazi, nani atajisumbua? Wamejisumbua. Oktoba 2024 ilitangazwa 2^136279841 − 1, ina tarakimu 41,024,320. Nayo ni ya ukoo huuhuu.

Kokotoa

Nimeongeza la kwangu usiku huu. Kuna kipimo cha Lucas na Lehmer, hakitafuti vigawo kabisa. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, shika baki. Rudia. Kwa 2^31 − 1 unarudia mara 29, na ikitoka sifuri mwishoni ni tasa. Kwa 31, ambayo ni 2^5 − 1, mnaweza kufanya kichwani mara tatu: 4, 14, 194 ambayo inabaki 8, kisha 64 − 2 = 62, ambayo baki yake ni 0. Imepita.

Nimeandika kwenye simu mistari sita ya programu. Raundi ya 28 ikaleta 65,536, ya 29 ikaleta 0. Nimeshangaa kuiona 65,536 imejipanga pale. Kumbe ni 2^16, na kipeo chake cha pili ni 2^32, baki 2, toa 2, sifuri. Kitu safi.

Jicho_la_Tatu

Sawa, nimesoma yote. Sasa hiyo tasa yenu ipo kwenye kundi gani zaidi? Maana nimesikia kuna tasa pacha, tasa salama, sijui tasa za nani.

Ticha_Namba

Karibu, naona jicho limeanza kuona.

Pacha si. Pacha ni tasa mbili zinazoachana kwa 2. Ukishuka 2 unapata namba inayoishia na 5, ukipanda 2 unapata inayogawanyika kwa 3. Jirani wa chini aliye tasa ni 2,147,483,629, wa juu ni 2,147,483,659. Anaishi peke yake kidogo.

Tasa salama pia si, maana ukitoa 1 na kugawa kwa 2 unapata 1,073,741,823, ambayo inavunjika vipande vingi. Tasa ya Sophie Germain? Zidisha kwa 2 uongeze 1, unapata 4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Amekosa huko nako, ila hivyo vigawo vitano mviangalie vizuri: kila kimoja ni kipeo cha 2 ukiongeza 1, na ndizo tasa zote za Fermat zinazojulikana mpaka leo. Ukizipanga foleni tasa zote kuanzia 2, yeye ni wa 105,097,565.

Kundi analotamba ni la Mersenne maradufu, maana kipeo chake 31 nacho ni Mersenne, 2^5 − 1. Wanaojulikana wa aina hiyo ni wanne tu: 7, 127, huyu, na 2^127 − 1. Mtu anaweza kujiuliza, je tukimfanya yeye mwenyewe kuwa kipeo? 2^2147483647 − 1 ina tarakimu zaidi ya milioni 646. Lakini imeshavunjwa! Kigawo chake kimoja ni 295,257,526,626,031. Na kitazameni: ni 137,490 × 2,147,483,647 + 1. Sheria ileile ya 62 niliyowaonyesha juu.

Na yule mtoto niliyeahidi. Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinarudi kuwa yenyewe: 6 = 1 + 2 + 3, na 28 = 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euklidi alionyesha kwamba kila tasa ya Mersenne inazaa mmoja. Wa huyu ni 2^30 × 2,147,483,647 = 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane. Tasa gani hiyo, Dada wa Iringa?

Dada_wa_Iringa

😂 Futeni hilo neno kwenye vitabu.

Ticha_Namba

Sasa deni langu kwa Kokotoa. Ulisema utasa wake ni bahati. Kwenye kikomo cha biti 32, kweli ni bahati. Lakini bahati hiyo watu waliitumia. Zamani kompyuta ilipotakiwa kutoa namba za kubahatisha, za michezo au majaribio ya sayansi, njia moja ilikuwa: anza na 1, zidisha kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, baki ndiyo namba yako, kisha zidisha tena. Inakwenda 1, 16,807, 282,475,249, 1,622,650,073, 984,943,658...

16,807 ni 7 × 7 × 7 × 7 × 7. Kwa kuwa kigawanyo ni tasa na 16,807 imechaguliwa vizuri, mzunguko unapita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, mara moja moja, ndipo urudi 1. Baki haiwi sifuri hata siku moja. Ungetumia kigawanyo kisicho tasa usingepata hiyo.

Kokotoa

Nimekubali, nimerudisha kauli. Na kila baki inaenea kwenye vile vyumba 31, hakuna biti inayomwagika. Waliotangulia walikuwa wajanja.

Kwa mnaopenda tarehe: kompyuta nyingi zinahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 saa za Greenwich. Zile za biti 32 zitafika 2,147,483,647 Jumanne, 19 Januari 2038. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, watu ndio wanachemsha chai. Sekunde inayofuata mashine ambazo hazijarekebishwa zitajiona ziko Desemba 1901. Mhasibu, mfumo wenu wa mikopo unahifadhi tarehe za marejesho vipi?

Mhasibu_Kijijini

Mkuu usinitishe. Mkopo mrefu tulio nao ni wa miaka 3.

Mrejesho. Kijana amekuja, amebadilisha ile nafasi ya simu iwe maandishi. Leo tumeingiza upya fomu 160, bado 252. Mwandiko wa wanachama wengine unahitaji mtaalamu wa kale. Mwanangu nimemuuliza alijuaje, akasema hakujua, alibahatisha kwa sababu inaishia na 7. Nimemwonyesha baki za Dada wa Iringa, sasa yuko kwenye 2,233 anagawa na hataki kulala.

Kingine: Mwenyekiti aliiona namba ileile kwenye orodha ya zamani iliyochapishwa ubaoni, akapiga mara tatu, akaniita ofisini. Anataka nimwandikie barua ya onyo huyo mwanachama asiyepokea simu.